Aproni ya Mama Pohlke

"Nimeifua!" alisema Jette, uso mzima ukimeremeta. "Nimeichemsha mara mbili, nikaitia buluu ya kufulia, nikaitia wanga, nikaipiga pasi kutwa nzima ya jana. Tazama mwenyewe. Ukiiweka sakafuni inasimama peke yake!"

Na kweli ilisimama. Aproni nyeupe pe, na kando yake gauni la kijivu lililonyooka kama askari wa zamu, vyote viwili vimesimamishwa kwenye kiti cha chumba cha kuvalia. Adelheid Krambeck aliviangalia, akamwangalia Jette, akaviangalia tena.

"Jette," alisema polepole, "ile nguo chafu iko wapi?"

"Si ndiyo hii."

"Na lile tundu la kiwikoni?"

"Nimelitia kiraka. Hata Kaisari mwenyewe aje na miwani yake, halioni."

Hapo Adelheid alipiga ukelele uliosikika mpaka kwa mlinda mlango. Akaanguka juu ya sanduku la mavazi, akashika kichwa. Ilikuwa saa nne na nusu ya asubuhi, siku ya Jumapili, mwezi wa Machi, karne ya kumi na tisa ikielekea mwisho, na pazia la ukumbi mmoja wa michezo ya kuigiza mjini Berlin lilikuwa lifunguliwe saa sita kamili.

Msimcheke Jette Kunkel. Alikuwa mvishaji wa Adelheid kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo yote bibi yake hakuwahi kupanda jukwaani na doa hata moja. Wiki zote sita za mazoezi Jette alikuwa kitandani na homa ya mafua, anakunywa supu ya kuku na kukoroma. Juzi ndiyo alipata nafuu, akaja kazini, akakuta kwenye kikapu gauni lililooza kwapani na aproni yenye rangi ya maji ya mtaro. Akaguna. "Wiki sita tu sipo," akasema moyoni, "ona walivyomfanya mwanamke wa watu!" Akazibeba kwenda nazo nyumbani. Hakuna aliyemwonya, maana kila mtu alidhani mwenzake ameshamwambia. Maji yakimwagika hayazoleki, na uchafu nao, kumbe, ni vivyo hivyo.

Sasa mjue kwa nini mwanamke mzima wa miaka arobaini na sita alie kwa sababu nguo yake ni safi.

Adelheid alikuwa malkia. Miaka kumi na minane, katika mji mdogo uliotawaliwa na duke mmoja, kila mchezo wenye malkia, malkia ni yeye. Alikuwa na sauti ya kengele ya kanisa na mgongo ulionyooka, na alikuwa na ile hila ya mlangoni: kabla ya kutoka jukwaani alisimama kizingitini, akageuza uso kwa watazamaji, akahesabu moja, mbili, tatu, nao wakapasua viganja kwa makofi. Ndivyo uigizaji ulivyokuwa siku zile. Halafu duke akafa, mrithi wake akapenda farasi kuliko malkia wa jukwaani, na Adelheid akahamia Berlin. Kule akapewa kwanza mama wa shujaa, kisha shangazi wa shujaa, kisha yule bibi wa pili kushoto mwenye maneno mawili. Januari mkurugenzi wa ukumbi alimwita, akamkaribisha kiti, akamwambia mkataba wake unaisha Mei na kwamba Berlin imejaa mabibi. Baada ya hapo kilichobaki ni kuwafundisha binti za wafanyabiashara kukariri mashairi kwenye sikukuu za kuzaliwa. Adelheid aliona ni afadhali ale sabuni.

Ndipo akatokea Daktari Volkmar Thies. Kijana wa miaka ishirini na tisa, miwani puani, haraka miguuni. Alimkuta Adelheid sokoni anagombana na muuza samaki.

"Huyu samaki alikufa kabla ya vita vya Ufaransa!" Adelheid alikuwa akimwambia. "Usiniuzie maiti, mimi si mzikaji!"

Daktari Thies akaganda. Akamfuata mpaka kwa muuza viazi. "Bibi, samahani. Hiyo sauti uliyoitumia pale, unaweza kuileta jukwaani?"

"Sauti gani? Mimi nilikuwa naongea tu."

"Hiyo hiyo, bibi. Hiyo hiyo!"

Kwa maana kulikuwa na mambo mapya mjini. Vijana kama Thies walitaka jukwaa liwe kama maisha: supu iwe supu ya kweli yenye mvuke, mtu ampe mtazamaji mgongo akitaka, na mfuaji nguo aongee kama mfuaji nguo. Mchezo aliokuwa anauongoza ulikuwa wa mfuaji mjane aitwaye Marthe, ambaye mwanawe amegoma kiwandani, na mwenye kiwanda ndiye mwenye nyumba wanamoishi, basi anamtuma wakala wake awatoe nje. Polisi waliupiga marufuku. Lakini marufuku ilikuwa kwa michezo inayouziwa watu tiketi mlangoni, haikukataza wanachama wa chama kukutana Jumapili mchana katika ukumbi waliouazima. Basi wakaunda chama. Mchezo ungechezwa mchana mmoja tu, kisha waigizaji wangekimbia kurudi kwenye kumbi zao za jioni. Mchana huo ukienda vizuri, Thies amepata watu wa kumsaidia kufungua ukumbi wake mwenyewe vuli ijayo, na Adelheid amepata mkataba wa miaka mitano. Ukienda vibaya, vuli hakuna, na Mei inakuja.

Na mazoezi yalimshinda, jamani. Wiki tatu nzima. Kila akifungua mdomo, malkia huyo. "Usitutangazie, Bibi Krambeck," Thies alimsihi. "Ongea." Mkono ulipanda kifuani wenyewe. "Bibi Krambeck, huyu ni mfuaji, hajavikwa taji!" Nettelbeck, mwigizaji mnene aliyecheza wakala, alikuwa anageukia ukutani kucheka.

Mwisho akajiendea mwenyewe mtaa wa Ackerstrasse, ua wa tatu kwa nyuma, kwa mfuaji mjane anayeitwa Mama Pohlke. Akaomba kumtazama akifanya kazi.

"Kutazama bure hakuna," alisema Mama Pohlke. "Shika ncha hiyo, tazama huku unakamua."

Akakamua wiki nzima mpaka vidole vikavimba. Akajifunza kukunja shuka: pindo kwa pindo, halafu kofi moja la kiganja, paa! Siku ya mwisho akaomba nguo, ile iliyochoka kuliko zote, na yeye atatoa gauni lake la hariri la rangi ya mvinyo lenye kola ya mahameli. Mama Pohlke alicheka mpaka akashikilia pipa. "Mama, umelogwa? Haya, lete kabla hujazinduka!"

Na zile nguo zilimfaa ajabu. Siku alipozivaa mazoezini mabega yalianguka, mgongo ukapinda, na sauti ya sokoni ikatoka yenyewe. Ndani ya matambara yale malkia hakupata pa kusimama. Daktari Thies alirusha kofia juu, ikanasa kwenye taa. Tangu siku hiyo Adelheid alijua siri: uigizaji wake mpya wote umo kwenye lile gauni.

Ambalo sasa Jette amelifua.

"Livae tu," Jette alinong'ona, machozi yakimlenga. "Labda ukishalivaa litachoka."

Adelheid akalivaa. Wanga ukalia kwaru kwaru. Kola ikamkaba, kiuno kikabana, mgongo ukanyooka bila kuulizwa. Akasimama mbele ya kioo, akajaribu maneno ya kwanza ya Marthe. "Nani ameacha mlango wazi?" Sauti ikatoka kama inamfukuza balozi wa nchi ya kigeni.

"Mungu wangu," alisema Adelheid. "Amerudi."

Mlango ukafunguka, akaingia Daktari Thies na saa mkononi. Akamwona. Saa ikaanguka.

"Nini hiki? Ni nani huyu? Umekuwa muuguzi wa hospitali?"

"Imefuliwa," alisema Adelheid.

"Imefu... Nani? Nani kafua umaskini wangu?"

Jette akainua mkono taratibu, kama mtoto darasani.

"Vua! Hapana, usivue, hakuna muda. Simama hapo hapo!" Daktari akarukia jiko la kona, akafungua kijimlango, akachota majivu na masizi kwa kiganja kizima. Adelheid akafumba macho, akatandaza aproni ipakwe. Jette akafunika uso wake kwa mikono yote miwili.

"Wee bwana mdogo! Huo mkono unaupeleka wapi?"

Wote wakageuka. Mlangoni alisimama Mama Pohlke ndani ya hariri ya rangi ya mvinyo, imefumuliwa ubavuni na kushikizwa kwa pini sita, kichwani kofia yenye ua la karatasi, mikononi keki ya siagi ndani ya kitambaa. Adelheid alikuwa amemwandikisha uanachama ili aje kuona, naye alikuwa amepita nyuma kumtakia heri. Nyuma yake Nettelbeck naye amekuja kuangalia kelele za nini, buti zake za uwakala zimeshapakwa tope tayari.

"Mama, tafadhali, tuna kazi hapa," alisema Thies. "Mimi ni Daktari Thies."

"Daktari wa nini? Wa tumbo?"

"Wa falsafa."

"Ahaa. Ndiyo maana." Mama Pohlke akamkabidhi Jette keki. "Sasa, Daktari, aproni nyeupe kama hiyo unaipaka masizi, imekukosea nini?"

"Huyu ni mfuaji maskini. Lazima awe na uchafu wa umaskini wake."

"Maskini, sawa. Mchafu, nani kakwambia?"

"Lakini nguo zenyewe zilitoka kwako!"

"Kwangu?" Mama Pohlke akamgeukia Adelheid. "Mama, uliniomba iliyochoka kuliko zote! Nikakupa ile ninayovaa mara moja kwa mwaka nikizibua mtaro wa uani. Nikajua mwenzangu anataka kupaka rangi dari. Kumbe ulikuwa unakwenda kuwaonyesha watu kwamba ndiyo mimi?"

Adelheid alihisi masikio yanamwaka moto.

"Hebu niambieni," Mama Pohlke aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka, jambo lililotisha zaidi, "huyo mwanamke wenu, pazia likifunguka, anatoka wapi?"

"Anatoka kupeleka mashuka kwa wateja," alisema Adelheid.

"Kwenye nyumba za watu. Na aproni ya mtaro." Akamtazama Daktari kutoka viatu hadi miwani. "Bwana mdogo. Nani atampa mashuka yake mfuaji mchafu?"

Nettelbeck alikohoa. Majivu yakamvuja Daktari Thies katikati ya vidole.

Wiki sita! Daktari mzima wa falsafa, waigizaji saba, na mtunzi aliyemaliza vitabu vyote vya shida za watu, wakachemsha supu ya kweli, wakaleta ndoo ya kweli na moshi wa kweli, na swali hilo halikumpitia hata mmoja wao kichwani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

"Watacheka," alisema Thies hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya kijana aliyeogopa. "Wamekuja kuona dhiki. Wakimwona anang'aa hivi watasema tumerudi kwenye michezo ya zamani. Bibi Krambeck, nakwambia wazi: tukiangushwa leo, vuli haipo. Si kwangu, si kwako."

"Na mimi nikivaa hivi," Adelheid alimwambia Mama Pohlke, karibu kulia tena, "nasimama kama malkia. Siwezi kuuzuia huu mgongo. Wiki tatu nimeuzuia na umenishinda!"

"Uzuie kwa nini? Mimi nasimamaje?"

Adelheid akamtazama. Wiki nzima kwenye chumba cha kufulia alikuwa ametazama mikono tu, na mgongo ulioinama juu ya pipa. Sasa akakumbuka mchana mmoja walipopeleka mashuka kwa mke wa hakimu: Mama Pohlke kapu kichwani, aproni ya kupelekea kazi imekauka kwa wanga, anapanda ngazi za nyuma, kidevu juu. Alikuwa ameliona hilo kwa macho yake, na halikumwingia.

"Mgongo," alisema Mama Pohlke, "ndicho kitu pekee ambacho mwenye nyumba hajakitoza kodi. Basi simama!"

Nje kengele ya kwanza ikalia. Adelheid akavuta pumzi. Maji aliyavulia nguo, hakuwa na budi kuyaoga, na nguo zenyewe zimeshafuliwa.

"Daktari," alisema, "rudisha hayo majivu jikoni."

Thies akaenda kwenye jiko, akakung'uta mkono, akatoka, na alama ya vidole vyeusi ikabaki kwenye kitasa cha mlango. Jette akamtemea bibi yake begani, tu tu tu, mara tatu, kama inavyopasa kabla ya kupanda jukwaani. Adelheid hakusema asante, maana ukishukuru umeharibu bahati.

Saa sita kamili pazia likafunguka. Ukumbi ulifurika. Wanachama walikuwa wameshaanza kubishana kabla hawajaona kitu, nusu wamekuja kushangilia na nusu wamekuja na funguo zenye tundu mfukoni, za kupuliza kama filimbi ili wazomee. Wakaona chumba cha ua wa nyuma, chungu cha supu kinatoa mvuke, sakafu ya mbao iliyosuguliwa. Mlango ukafunguka, akaingia Marthe na kapu tupu, mweupe kifuani, amenyooka.

Ikatoka sauti ya kijana kutoka roshani: "Oho! Malkia wa sabuni!"

Ukumbi ukalipuka. Vicheko, miluzi, funguo zikapulizwa. "Tumeambiwa ni mfuaji!" "Mleteeni taji!" Adelheid alihisi mkono wake wa kulia unaanza kupanda kifuani, kama ulivyopanda miaka kumi na minane kila watu walipopiga kelele. Akaukabidhi mkono ule kapu, ukapata kazi. Akasubiri. Hakuwatazama. Akanusa hewa, kama anavyonusa Mama Pohlke anapoingia ndani.

"Nani ameacha mlango wazi?" akasema. "Moshi wote unaingia kwenye mashuka ya watu."

Ilikuwa sauti ile aliyomgombezea muuza samaki. Haikupanda wala haikunong'ona, ikafika mpaka safu ya mwisho kwa sababu miaka yote ile kifua chake kilifundishwa kufika safu ya mwisho. Na ilitoka kwenye mgongo ulionyooka! Adelheid mwenyewe alishtuka. Hakuwa amejua kwamba viwili hivi vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja. Moyo ukaanza kumdunda kwa furaha, hofu ikasogea pembeni kidogo, naye akaenda jikoni akakoroga supu.

Mluzi wa mwisho ukafa katikati. Watu wakaanza kuketi.

Basi akaingia wakala. Mazoezini Nettelbeck alikuwa akiingia na buti zake za tope, anasimama karibu na mwanamke wa tope, na hakuna aliyeliona tope. Leo aliweka mguu wa kwanza kwenye sakafu iliyosuguliwa, mbele ya aproni ile, na mama mmoja wa safu ya tatu akasema kwa sauti, "Aa!" Hatua ya pili, alama nyeusi. Hatua ya tatu, nyingine. Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama miguu. Nettelbeck, aliyekuwa amezoea kuchekesha watu miaka yote, akajitazama miguu naye, akaona haya, akaficha haya kwa ukali, na siku hiyo akacheza kuliko alivyowahi kucheza maishani mwake.

"Mwambie mwanao arudi kazini," alisema wakala. "Akikataa, tokeni. Saa hii."

"Mwanangu ana miaka ishirini na mitatu," alisema Marthe. "Mwambie mwenyewe. Na usiyasogelee mashuka ya watu."

Watu wa roshani ya juu wakacheka, cheko la wanaojua. Nyuma ya mandhari ya jukwaa Daktari Thies alikuwa anatafuna ukingo wa kofia yake.

Ikaja mwisho wa mchezo. Vyombo vimetolewa nje, kimebaki kiti, ndoo na kapu. Kwenye maandishi Marthe anaanguka magotini, anashika buti za wakala, analia, pazia. Ndani ya matambara jambo hilo lilikuwa rahisi kama kujikwaa. Nettelbeck akasogeza buti mbele, akangoja.

Magoti hayakukubali. Adelheid alijaribu, yakakataa. Mwanamke huyu aliyevaa hivi, aliyesugua sakafu hii, hashiki buti ya mtu. Sekunde zikapita. Nettelbeck akamkodolea macho: anguka, mama, anguka! Jasho likamtiririka Adelheid chini ya kola ya wanga. Akapeleka mikono nyuma, akafungua aproni. Akaikunja, pindo kwa pindo, kamba ndani. Akaipiga kofi la kiganja. Paa! Katika ukumbi ule kimya mlio ulikwenda mpaka darini. Akaiweka kapuni, akachukua kapu, akaenda mlangoni.

Na kizingitini miguu ikasimama.

Ile hila ya zamani! Miguu ilisimama yenyewe, moja, mbili, na uso ukaanza kugeukia watazamaji kungoja makofi. Lo! Hakuna makofi. Kuna watu mia tisa wanamtazama, na yeye amesimama mlangoni kama malkia wa mji wa duke, na kila kitu kimeharibika. Aende? Wataona alikuwa anaomba kushangiliwa. Asimame? Hana neno. Tatu.

Akageuka mzima mzima, na macho yake yakaangukia sakafu. Tope. Hatua saba za tope, kutoka mlangoni hadi katikati ya chumba chake.

Akaweka kapu chini. Akarudi, akachukua dekio kwenye ndoo, na sasa magoti yakakubali vizuri kabisa. Akapiga magoti akafuta alama ya kwanza. Akafuta ya pili. Hakuwa na haraka wala hakulia. Akafuta mpaka akafika kwenye buti za wakala, akasimamisha mkono, akangoja. Nettelbeck akamtazama. Halafu, kama mwanamume yeyote anayekutwa na mwanamke anayepiga deki, akainua mguu mmoja. Adelheid akafuta chini yake. Nettelbeck akainua wa pili.

Adelheid akakamua dekio, akalitundika ukingoni mwa ndoo, akachukua kapu lake, akatoka bila kutazama nyuma.

Mshusha pazia alisahau kushusha pazia. Nettelbeck alibaki peke yake katikati ya sakafu iliyolowa, hathubutu kukanyaga popote. Nyuma ya mandhari Adelheid aliegemea ukuta. Hakusikia kitu. Kimya cha aina hiyo hakuwahi kukisikia, na akajua basi, kwisha, ni binti za wafanyabiashara na mashairi ya sikukuu.

Ndipo ukumbi ukapasuka.

Siwezi kuwaeleza vizuri. Viti vilipinduka. Mabibi walisimama juu ya mito ya viti vyao, mabwana wawili wenye ndevu walikuwa wameshikana makoti wakibishana huku wote wawili wanalia, kutoka roshani ya juu watu walikuwa wanapiga miguu mbao mpaka vumbi likashuka, na yule kijana wa "malkia wa sabuni" alikuwa anapaza sauti, "Krambeck! Krambeck!" kama amechanganyikiwa. Daktari Thies alimkumbatia askari wa zimamoto aliyekuwa zamu nyuma ya jukwaa, akambusu mashavu yote mawili, kisha akaja mbio.

"Miaka mitano!" alipiga kelele. "Vuli! Miaka mitano, sita, utakavyo! Nani alikwambia ufute? Haimo kwenye maandishi! Hata mtunzi hakuiandika!"

Adelheid alisikia, na furaha ilimpanda mpaka kooni, lakini macho yake yalikuwa yanatafuta mtu. Walimwita mbele mara kumi na moja, akaenda, akainama, akarudi. Mara ya kumi na moja aliporudi, Mama Pohlke alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha kuvalia, kofia imekaa upande, pini mbili za ubavuni zimechomoka.

"Mama Pohlke," alisema Adelheid akihema. "Niambie. Wapi nimekosea? Mkunjo? Nilikunja vibaya?"

Mama Pohlke alikuwa anatazama magoti ya gauni la kijivu, yalivyolowa maji ya tope.

"Nani kakwambia?" aliuliza.

"Kuniambia nini?"

"Habari za sakafu." Akavua kofia yake. "Mwaka wa themanini na mbili walitutoa kwenye chumba chetu cha Gartenstrasse. Marehemu mume wangu hajamaliza mwezi kaburini. Vitu vyote viko nje, mvua inanyesha, mtoto analia juu ya godoro, na mimi nikarudi ndani nikapiga deki. Chumba si changu tena, nami nakipiga deki. Sijamsimulia mtu, hata mwanangu. Niliona aibu. Nilidhani siku ile niliingiwa na wazimu. Sasa wewe nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia," alisema Adelheid.

Mama Pohlke alikaa juu ya sanduku la mavazi, na hariri yake na kola yake ya mahameli, akalia kwa sauti, kama watu wanavyolia nyumbani kwao. Adelheid akakaa karibu naye, bega kwa bega. Jette akawapa leso, nayo ilikuwa imetiwa wanga mwingi kiasi kwamba haikukunjika.

Baadaye Mama Pohlke akapenga kamasi, akasimama, akanyoosha mkono.

"Vua hilo gauni," alisema. "Lina tope magotini. Kesho Jumatatu nachemsha alfajiri, nitalipitisha na mengine."

"Nitalifua mimi," alisema Jette haraka.

"Wewe wanga unauzidisha, mama. Lete hapa."

Adelheid akalivua, akampa.